Akordi za Jazi katika Rumba ya Kongo: Zilipoingia na Zilipokomea

Katika muziki wa Kongo neno jazi lilitangulia kufika, na akordi za jazi zenyewe zikafuata baadaye kwa njia nyingine kabisa. Bendi ambayo Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, aliiongoza mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kuanzia mwaka 1953 iliitwa African Jazz. Ile iliyoundwa mwaka 1956, ambayo haitajwi bila jina la Franco Luambo, iliitwa OK Jazz. Na upande wa mashariki, Tanganyika na baadaye Tanzania ilikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na NUTA Jazz. Katika majina hayo yote neno jazi lilimaanisha bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa, yaani magita, saksafoni, tarumbeta na drams, na msikilizaji anayezicheza santuri zao akitarajia kukuta mpangilio wa sauti wa Duke Ellington hukuta rumba iliyosimama juu ya akordi tatu. Linalostahili kuulizwa, basi, ni wapi ndani ya rumba hiyo akordi za jazi zilipata nafasi, ni wapi zilizuiwa, na kwa sababu gani. Mji wa Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, unafaa kuwa mahali pa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa ndipo safari ya meli kutoka Kinshasa inapokomea baada ya kilomita zipatazo 1,700, chini ya maporomoko ya Boyoma, na ndipo Kilingala kilichopanda na mto kinapokutana na Kiswahili kilichotoka mashariki.

Akordi ni nota tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, na njia nyepesi ya kuzipata ni kuchukua nota moja ya gama, kuiruka inayofuata, na kuchukua ya tatu, kisha kuendelea vivyo hivyo. Katika gama ya do, ambayo nota zake ni do, re, mi, fa, sol, la na si, akordi inayojengwa juu ya nota ya kwanza ni do-mi-sol, inayojengwa juu ya nota ya nne ni fa-la-do, na inayojengwa juu ya nota ya tano ni sol-si-re. Akordi hizi tatu zikikusanywa zinakuwa na nota zote saba za gama bila hata moja kukosekana, na kwa hiyo mwimbaji wa wimbo usiotoka nje ya gama anaweza kusindikizwa nazo tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaoiita rumba muziki maskini kwa sababu ya akordi zake tatu hawajalizingatia jambo hili: tatu hizo ni nyumba kamili, na utajiri wa rumba haukuwahi kutafutwa katika idadi ya akordi.

Jazi ilichukua nyumba hiyo hiyo ikaifanyia mambo mawili. Kwanza iliongeza nota ya nne juu ya zile tatu, ambayo huitwa ya saba kwa sababu ndiyo inayofikiwa mtu akihesabu nota saba kutoka ile ya chini, hivyo kwamba sol-si-re ikawa sol-si-re-fa, na do-mi-sol ikawa do-mi-sol-si. Pili, ikaipa akordi safari. Mfuatano unaotambulisha jazi kuliko mwingine wowote ni ule wa pili, tano, moja, ambao katika gama ya do huanza na re-fa-la-do, hupitia sol-si-re-fa, na kutua kwenye do-mi-sol-si. Siri yake imo katika nota mbili za ndani ambazo hushuka kwa zamu: kutoka akordi ya kwanza kwenda ya pili, do hushuka hatua moja kuwa si huku fa ikibaki ilipo; kutoka ya pili kwenda ya tatu, ni si inayobaki na fa inayoshuka kuwa mi. Sikio halihisi kurushwa kutoka akordi moja hadi nyingine, bali huhisi kushushwa ngazi taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, hadi mlangoni. Msomaji anayeujua wimbo wa Kifaransa Les Feuilles mortes, ambao muziki wake ulitungwa na Joseph Kosma na ambao wanajazi wa Marekani waliufanya wao, ameusikia mfuatano huu ukitembea mara mbili kwa kufuatana, kwanza ukitua mahali pa nuru, kisha ukitua mahali pa huzuni.

Kilichofika Kongo mapema hakikuwa hicho. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilisambaza Afrika santuri za mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, zilizojaa nyimbo za Kuba, na wapiga gita wa kando ya mto walizisikiliza wakitambua ndani yake midundo ambayo babu zao walikuwa wameivusha bahari. Sehemu ya mwisho ya nyimbo nyingi za aina hiyo, ambayo Wakuba huiita montuno, ilikuwa mzunguko mfupi wa akordi tatu unaorudiwa huku mwimbaji na waitikiaji wakijibizana, na mzunguko huo ndio uliopandwa katika ardhi ya Kongo ukaota. Ulisafiri pia na watu. Wendo Kolosoy, ambaye wimbo wake wa mwaka 1948 kuhusu Marie-Louise ulimletea sifa na matatizo kwa pamoja, alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mto kabla ya kuwa mwanamuziki wa kutajika, na ni Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ambako alifungwa kwa muda baada ya wimbo huo kuwaudhi watu wa kanisa kwa uvumi kwamba ulikuwa ukiwaamsha wafu. Wimbo uliotungwa Léopoldville ulikuwa na njia ya maji ya kuufikisha hadi chini ya maporomoko.

Akordi za jazi zilipata kuingia kupitia milango midogo zaidi. Mmoja ulikuwa bolero, wimbo wa polepole wa mapenzi, ambao huko Kuba kwenyewe ulikuwa umekaribiana na jazi katika miaka ya 1940, na ambao African Jazz waliuimba sambamba na rumba na cha-cha-cha. Mwingine ulikuwa Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gita aliyelelewa katika jazi ya Ulaya, ambaye mwaka 1953 alianzisha studio ya CEFA mjini Léopoldville akiwa na gita la umeme mkononi, na vijana waliomtazama waliona vidole vikishika akordi kwa namna ambayo santuri pekee isingeweza kuwaonyesha. Mlango wa tatu ulifunguka baada ya uhuru, Kabasele alipokutana Brussels na Manu Dibango wa Kamerun, mpiga saksafoni na piano aliyekuwa amezama katika jazi, akamchukua mwaka 1961 hadi Léopoldville kufanya kazi na African Jazz. Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, alikulia katikati ya mikondo hiyo, na katika upigaji wake wa solo husikika nota za kupita, zile zisizo za akordi yenyewe bali za kuunganisha nota mbili zake, zikiwekwa kwa ustadi ambao bado unawashangaza wapiga gita wa leo.

Hata hivyo, rumba ya Kongo ina sehemu mbili, na kinachokubalika katika moja hakikubaliki katika nyingine. Sehemu ya kwanza ni wimbo wenyewe, wenye beti, hadithi na sauti za waimbaji watatu au wanne. Ya pili ni sebene, ambapo hadithi hukoma, magita hushika uongozi na watu huinuka kucheza. Kuna maelezo yanayosimuliwa sana kuhusu asili ya neno sebene, nayo yanagusa moja kwa moja jambo linalozungumziwa hapa: kwamba wafanyakazi waliotoka pwani ya Afrika Magharibi, waliokuja Matadi na Léopoldville na magita yao, walikuwa wakiitaja kwa Kiingereza ile akordi yenye nota ya saba, sol-si-re-fa, na kwamba wenyeji walilisikia neno la Kiingereza la saba na kulitamka kwa namna yao. Ikiwa ndivyo, sehemu ya muziki wa Kongo iliyoufungia mlango mfuatano wa jazi imebeba katika jina lake akordi ambayo jazi isingetembea bila kuwa nayo. Hakuna mgongano hapo, kwa sababu nota ya saba ni malighafi tu, na kila muziki huifanyia kazi yake: katika jazi hiyo fa iliyo juu ya sol ni deni linalosubiri kulipwa kwa kushuka kuwa mi, lakini katika sebene ni pilipili inayoonjwa na kurudiwa, bila kumpeleka msikilizaji popote.

Sababu ya kuzuiwa kwa mfuatano wa jazi katika sebene ni ya kiufundi, nayo inaeleweka vizuri mtu akitenganisha magita moja moja. Gita la kusindikiza, ambalo wenyewe huliita akompa, hucheza chini. Mi-solo huzunguka katikati likirudia kifungu kimoja kisichobadilika. Solo hulia juu kabisa, mara nyingi kwa nota mbili mbili zilizoachana kwa hatua ya tatu. Na gita la basi huruka kati ya nafasi ambazo wengine wameziacha. Hakuna hata mmoja wao anayeishika akordi nzima na kuiachia ilie. Kila mmoja huivunja vipande na kuchukua kipande chake, na akordi kamili huundwa hewani, katika sikio la anayesikiliza. Ikiwa akompa ataongeza si juu ya do-mi-sol kama mpiga piano wa jazi, na wakati huo huo solo akatua kwenye do, nota mbili zilizoachana kwa nusu hatua zitagongana, na mgongano huo utarudiwa kila baada ya sekunde chache kwa dakika tano au sita. Mpiga piano wa jazi anaijua hatari hiyo na huiacha si pale mwimbaji anapotua kwenye do. Lakini yeye ana mikono miwili tu ya kuiangalia, wakati sebene ina watu wanne wanaoviringisha vipande vinne kwa kasi. Zaidi ya hayo, mfuatano wa pili, tano, moja humwambia msikilizaji kwamba kuna mahali pa kufika, na mchezaji aliyemo katikati ya sebene hataki kufika: anataka mzunguko usikatike.

Ndiyo maana athari ya jazi katika muziki wa Kongo hutafutwa vema katika sehemu ya wimbo, na wanamuziki waliozaliwa Kisangani wanatoa mifano ya kutosha. Abeti Masikini, aliyezaliwa Stanleyville mwaka 1954 na aliyeimba kwa Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine, alipanda jukwaa la Olympia mjini Paris mwaka 1973 na la Carnegie Hall mjini New York mwaka uliofuata, akiwa na muziki uliochanganya sauti za nyumbani na bluzi na soul, miziki miwili ya Wamarekani weusi iliyokaa jirani na jazi na kuazimana nayo akordi. Koffi Olomide, aliyezaliwa katika mji huo huo mwaka 1956, aliutambulisha mtindo wake wa tcha tcho kwa nyimbo za mwendo wa polepole, ambamo akordi ndogo, zile zenye rangi ya huzuni kama la-do-mi, hupewa nafasi kubwa kuliko ilivyokuwa katika rumba ya zamani, na ambamo ubeti huweza kurefuka kabla ya dansi kuachiliwa.

Aliyekwenda mbali zaidi ya wote katika njia hii alipitia pia katika bendi ya Abeti. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu mwaka 1958, alisomea muziki Kinshasa, akapiga gita kwa Abeti, kisha akaenda Paris kusoma katika shule ya jazi, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 1993 ilionyesha uamuzi ambao unathibitisha hoja ya makala haya kutoka upande wa pili. Ili nota za saba, na za tisa zinazopatikana kwa kuhesabu vivyo hivyo hadi tisa, zipate kupumua chini ya sauti yake, Lokua aliiondoa sebene. Hakuipunguza wala kuipamba upya. Aliacha gita moja lisilo la umeme lishike akordi nzima na kuziachia zilie hadi mwisho wake, na waitikiaji wakaziba nafasi ambazo kwa kawaida zingejazwa na mi-solo. Wapo waliomwona kama aliyeuacha muziki wa kwao, na hukumu hiyo si ya haki, kwani alichokifanya ni kuchagua chumba kimoja cha nyumba ambayo ina vyumba viwili.

Leo hii akordi za jazi zinafika Kisangani kwa mlango ambao haukutarajiwa na yeyote katika miaka ya 1950, nao ni kanisa. Muziki wa injili wa Wamarekani weusi, ambao ulikua pamoja na jazi, umewapa wapiga kinanda cha umeme wa Kongo mbinu ya akordi ya kupita: kabla ya kutua kwenye akordi yoyote, mpigaji huingiza ile ya tano inayoielekea, hivyo kwamba akitoka do kwenda la-do-mi hupitia mi, sol iliyopandishwa nusu hatua, si na re, na msikilizaji huhisi moyo ukivutwa kabla ya kufarijiwa. Mbinu hiyo hutumika katika nyimbo za kuabudu, ambazo huenda taratibu na ambamo mwimbaji hukaa juu ya neno moja kwa muda mrefu, na humo kinanda hujaza mikono yote miwili. Kisha ibada hugeuka, nyimbo za kuabudu huwapisha nyimbo za sifa, drams huingia, solo hupanda juu, na watu huanza kucheza kwa sebene isiyo na tofauti kubwa na ile ya ukumbi wa dansi. Hapo mpiga kinanda huinua mkono wake wa kushoto, humwachia mpiga basi nota zote za chini, na mkono wa kulia hubaki na nota tatu.