Kamala Hakuwa Mganda, Jo

Show ya kideo ya mtaa wetu ilikuwanga kobole. Mabati kuzunguka, gunia kwa mlango ndio mwangaza usiingie, na benchi za mbao zenye misumari yake ilikuwa inajua makalio ya kila mtoi wa hiyo base. Mbele kulikuwa na tivii ndogo na deki ya VHS, na picha ikianza kuleta mvua, mwenye kideo anaichapa kofi moja pembeni, inatii. Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ya Bruce Lee. Mchana ilikuwa ya mieleka. Na hiyo mchana ungetafuta mtoi hao umkose, hata mathe atoe mwiko.

Hizi ni za kitambo, WWF ikiwa bado na F yake. Mwaka wa 2002 wale wasee wa kulinda wanyama, wenye nembo ya panda, walienda wakawapokonya hiyo herufi kotini, ikabaki WWE. Enyewe wrestlers wote wale wakubwa, na mwenye aliwachapa mwisho ni panda.

Kaseti zilikuwa zinafika mtaani zimechelewa mbaya, ingine miaka mbili, na zimenakiliwa mara mingi hadi Hulk Hogan anakaa mzimu. Hiyo haikutusumbua. Kila mtu alikuwa na wake. Kuna beshte yangu alikuwa Bret Hart kabisa, alivaa miwani ya mathe yake hadi ikavunjika. Kuna mwenye alikuwa Undertaker, huyo alikuwa anatembea polepole hata akitumwa unga. Mi nilikuwa wa Macho Man, sababu ya luku.

Halafu siku moja akatokea Kamala.

Usichukulie kimchezo venye aliingia. Miguu mtupu. Kinyago kikubwa usoni, mkuki kwa mkono, kiunoni ngozi ya chui. Akitoa kinyago, uso wote umepakwa rangi, na kutoka kifuani hadi kwa tumbo, hilo tumbo jo, kumechorwa nyota na mwezi. Nyuma yake kuna jamaa amejifunika uso, kichwani ana kofia ya safari, anaitwa Kim Chee, ndio ati mchungaji wake. Kamala habongi. Anaangalia mataa ka mtu hajai ona stima, halafu anajipiga tumbo na mikono mbili. Pa! Pa! Kideo ikanyamaza. Hata mwenye kideo aliacha kuhesabu makobole yake.

Mtangazaji akadai huyo ni Jitu la Uganda.

Uganda! Hapo tu! Kwa basi la usiku ungefika asubuhi. Tuliangaliana tukachanganyikiwa, ju hakuna mtu alikuwa ametuchanua ati kwa hii dunia ya Hogan kuna msee wa jirani. Mzae mmoja, mwenye alikuwa anakujanga kupumzikia huko ndani ju ya jua, akatupatia risto yote: huyo alikuwa bodigadi wa Idi Amin, Amin alipohepa ndio akaachwa msituni, wazungu wakamwokota. Na stori ya jaba yenyewe haikuwa ya mzae. Ndio mapromota wa mieleka walikuwa wanauza. Amin aling'olewa na jeshi la Tanzania Aprili 1979, na miaka tatu baadaye Marekani ilikuwa bado inamwogopa, kwa hivyo jina lake lilikuwa biashara. Na ukicheki vizuri, kati ya Amin na Kamala, mwenye alikuwa ameshinda ringini kwa ukweli ni Amin. Huyo alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda miaka ya hamsini.

Sasa nikuchapie kuhusu boi mmoja wa mtaa. Mbuyu wake alikuwa fundi wa magari, walikuwa wametoka Jinja. Hiyo wiki ya kwanza aliheshimika manze. Tulimuuliza ka anajuana na Kamala, na yeye, ju si mjinga, akasema ni ankoli yake wa mbali. Akapewa mandazi. Akawekwa benchi ya mbele bila kulipa.

Wiki ya pili mambo ikageuka. Mtu alianza kumuuliza kwao wanadishi mtu wa aina gani, ju Kamala alikuwa ati mla watu. Wiki ya tatu hakuwa na jina tena. Akipita tu, mtaa mzima unajipiga matumbo, pa pa, pa pa, hadi anaingia kwao na kufunga mlango. Alikuwa na miaka tisa. Na sitadanganya, hiyo kwaya mwenye alikuwa anaianzisha ni mimi.

Kwa nyasi pia tulikuwa tunamcheza Kamala. Kulikuwa na kitu moja ya ajabu alikuwa anafanya: akishaangusha mtu, anamlalia akiwa kifudifudi. Na kwa mieleka lazima mabega yaguse chini ndio refa ahesabu tatu. Kim Chee anaruka nje huko anapiga kelele, mgeuze, mgeuze, na Kamala haelewi. Sisi tulicheka hadi mbavu. Kwa mchezo wetu, yule boi wa Jinja ndio alilazimishwa kuwa Kamala kila siku, na kila siku hangeruhusiwa kujua kumgeuza mtu. Sijui ka unaona venye hiyo ilikuwa inaenda. Mwandishi wa ile mieleka ya kwa tivii alikuwa ameamua, hata kabla tuzaliwe, kwamba Mwafrika ana nguvu ya kumaliza kila mtu lakini hajui kugeuza mtu mgongo.

Ukweli niliupata nikiwa msee mzima, kwa saiba, shilingi moja kwa dakika. Niliingia kutafuta kazi, nikatoka bila kazi lakini nikijua Kamala ni nani.

Anaitwa James Harris. Amezaliwa 1950 kule Mississippi, na Uganda haikuwa kwao kabisa. Mbuyu wake aliuawa kwa mchezo wa dadu yeye akiwa mtoi. Shule aliacha mapema. Akaingia uhuni kidogo, makarao wakamshauri ahame mji, akahama. Amechuma matunda Florida, ameendesha lori. Mwisho akatua Michigan, na huko ndio alipatana na Bobo Brazil, mwanamieleka mweusi wa kitambo, mwenye jina lake pia halikuwa na Brazil yoyote. Bobo akamfungulia mlango. Harris akaanza 1978 akiitwa Sugar Bear, akazunguka hadi Uingereza, na pesa haikuja.

1982, Memphis, akapatana na mwanamieleka Jerry Lawler na promota Jerry Jarrett. Hao wawili wakamtengeneza Kamala: rangi, mkuki, kinyago, yote. Halafu wakatoa ile filamu ya kutisha watu, Kamala akitembea msituni kwenye ukungu, Afrika ndani ndani. Huo msitu, ndugu yangu, ulikuwa shamba la Jarrett kule Tennessee. Ukungu ulikuwa barafu kavu. Sisi huku tulikuwa tunaangalia shamba la mzungu tukidhani ni Jinja.

Nilikaa kwa hiyo kompyuta nikihesabu waongo. Na Kamala hakuwa peke yake. Abdullah the Butcher, mwendawazimu wa Sudan, yule wa kuchoma watu na uma, paji la uso limejaa mifereji ya makovu unaweza simamisha sarafu ndani? Mtu wa Windsor, Kanada. Akeem, wa Afrika ya giza totoro, anacheza densi na kanzu ya rangi za keki ya sherehe? Huyo alikuwa mzungu mweupe pe wa South Carolina, mwenye alikuwa anaitwa One Man Gang hadi 1988, halafu akaamka siku moja akaambiwa amepata mizizi yake ya Kiafrika. Mi hiyo ya Akeem hainikasirishi hata. Hiyo inanibamba. Hiyo ni kichekesho safi.

Yenye iliniuma ni Saba Simba. Tony Atlas alikuwa mtu wa maana; mwishoni mwa 1983 yeye na Rocky Johnson, babake The Rock, walikuwa timu ya kwanza ya weusi kuchukua mikanda ya WWF. Kufika 1990 alikuwa amesota, hana hata keja. Akarudishwa kazini, lakini kwa sharti: ngao, mkuki, manyoya kichwani, na jina Saba Simba. Sasa wewe mwenye unaongea Kiswahili nisaidie. Simba saba? Simba wa saba? Saba, nukta, Simba? Mwaka huo huo sisi huku Kenya tulikuwa na maandamano yetu ya Saba Saba, watu wanakimbizana na makarao kuelekea Kamukunji, na kule Marekani mtu ameokota neno letu la kwanza alilopata na la pili alilopata akayagundisha. Na Roddy Piper, akiwa anatangaza, akaharibu sarakasi yote kwa kusema waziwazi kwamba huyo ni Tony Atlas. Piper alikuwa na akili.

Wakati huo wote Afrika ilikuwa na mieleka yake. Kinshasa walikuwa na catch yao, na bado wanayo: wasee wanaingia ringini na uganga, mtu anakurogea mbele ya mashabiki, na wanamieleka ka akina Edingwe walikuwa na majina makubwa kushinda wanasiasa. Hakuna mtu wa WWF alienda kuwatafuta. Na ukitaka kucheka hadi ulie, angalia Kofi Kingston. Mtu amezaliwa Ghana, Mwafrika kamili, hatimaye. 2008 wakamwingiza kwa tivii. Wakasema ametoka Jamaika.

(Alikuja kuchukua ubingwa 2019, wakati huo akitambulika ni wa Ghana. Nilikesha nikingoja hiyo mechi na kesho yake nikalala kazini.)

Lakini wacha nirudi kwa James Harris, ju nilianza kumwangalia upya. Agosti 1992, Wembley, London, watu karibu 80,000, Kamala na Undertaker. Hiyo kaseti tuliichosha. Kamala anaruka juu ya Undertaker mara moja, mbili, tatu, na jamaa anainuka akaketi tu ka mtu ameitwa chai. Novemba wakarudiana, mechi ya jeneza, Kamala akafungiwa ndani na misumari ikapigwa. Tulishangilia! Miaka baadaye Harris mwenyewe alisema kwa mahojiano kwamba ile kazi ya Wembley alilipwa dola 13,000, na mwenzake pesa zisizolingana kabisa na hizo. Watu elfu themanini wanalipa kuona watu wawili, na mmoja anapewa ya lori.

Kuna kipande kingine cha mapema 1993 sikuwa nimekipata kwa kideo, nilikiona kwa simu nikiwa mkubwa. Pasta Slick anamkomboa Kamala kutoka kwa wale walezi wake, anamwambia, wewe si mnyama, wewe ni mtu. Halafu anampeleka kucheza bowling. Unacheka, ju Kamala anashika mpira ka tikiti. Halafu unaangalia macho ya Harris chini ya hiyo rangi, unakumbuka ana miaka arobaini na mbili na watoto nyumbani, na analipwa kufundishwa kwamba yeye ni mtu. Mi niliwacha kucheka hapo. Hiyo mwaka ndio walimwekea mechi ya WrestleMania na Bam Bam Bigelow, na muda ukaisha, ikafutwa. Akarudi kwa lori.

Sukari ikamla miguu. Wa kushoto 2011, wa kulia 2012. Alibaki nyumbani Mississippi anatengeneza viti vya mbao, anatunga nyimbo, na akaandika kitabu cha maisha yake akakiita Kamala Speaks, yaani Kamala anaongea, yule mwenye miaka yote hiyo hakuruhusiwa kusema neno. Kiti chake kimoja ndio ningenunua ningekuwa na nauli ya kukisafirisha. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutojua chochote, anapima mbao, anapiga randa, anakaza miguu minne isitingike.

Agosti 2020 tulikuwa kwa kafyu, saa tatu usiku kila mtu kwake, na mbogi ya kitambo ilikuwa imefungua grupu ya WhatsApp ju hakuna base ya kukaa. Tarehe tisa Kamala akatuacha, corona, miaka sabini. Habari ikaangushwa kwa grupu kesho yake. Wasee wakaanza: matumbo, vicheko, stika za nyota na mwezi. Mi nikaandika ile yote nimekuandikia hapa, ile ya James Harris, lori, shamba la Tennessee, viti. Ilikuwa ndefu, nikajua hakuna mtu atasoma. Chini kabisa nikamwomba msamaha yule boi wa Jinja, ju alikuwa humo ndani kimya kutoka grupu ifunguliwe. Siku hizi ako na gereji ya mbuyu wake, na hutengeneza gari yangu bila kunilalia.

Tiki mbili za bluu. Hakuna kitu. Siku mbili.

Ya tatu, usiku, ikaingia voisi ya sekunde sita. Nikaiweka sikioni. Pa! Pa! Tumbo la mtu mzima, si la mtoi tena. Halafu kimya kidogo, halafu sauti yake, polepole, ka mtu anaonja jina:

"James, jo."