Uzazi vijijini (2): Nani anapanga idadi ya watoto?

Wiki iliyopita tuliona kuwa, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022, mwanamke wa kijijini Tanzania huzaa wastani wa watoto 5.5, na wa mjini 3.6. Wapo wanaodai kuwa tofauti hiyo ni ujinga tu. Sivyo. Kijijini watu wanapiga hesabu.

Kwanza, kazi. Katika kaya inayolima pamba na kufuga Simiyu, mtoto wa miaka minane huchunga ndama. Dada yake huchota maji na kumbeba mdogo wao mgongoni mama akiwa shambani. Uzeeni, watoto hao ndio pensheni. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Bara, mkulima bado anawategemea wanawe.

Pili, hofu ya kufiwa. Utafiti wa 2004/05 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Vifo vimepungua, lakini mama mkwe aliyezika wanawe wawili ndiye anayemhimiza mkamwana aongeze.

Tatu, umri wa kuanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa hilo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Anayeolewa katika umri huo ana miaka takriban thelathini ya kuzaa mbele yake. Anayebaki shuleni hadi kidato cha nne anaanza akiwa amechelewa, na huwa na kauli zaidi nyumbani.

Kauli hiyo ndiyo kiini. Uzazi wa mpango hutolewa bure katika zahanati za Serikali, ilhali mwaka 2022 ni asilimia 31 tu ya wanawake wenye waume waliotumia njia za kisasa. Wapo wanaotumia kwa kuwaficha waume zao: wanachagua sindano ya miezi mitatu kwa sababu haiachi vidonge chini ya godoro, na kadi wanaiacha kwa muuguzi. Wanawake hao hawahitaji tena kuelimishwa. Anayehitaji somo ni mume anayefichwa.

Wiki ijayo: wanaume na kliniki ya uzazi.