Je, Wajua? Weusi wa Kiriba cha Miche Si Pambo
Kiriba cheusi cha kuoteshea miche ya kahawa na miti katika milima ya Usambara, kama ile ya Vuga wilayani Lushoto, ni cha ukoo mmoja na bomba jeusi linalojikunja kuteremsha maji bondeni. Vyote hutengenezwa kwa polithini, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati tu nchini Uingereza mwaka 1933, ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni: yenye matawi mengi hutoa kiriba laini, ilhali iliyonyooka hubanana na kutoa bomba gumu. Weusi wake ni masizi ya kaboni, ambayo kiasi cha asilimia 2 hutosha kufyonza miali ya urujuanimno, yaani miali ya jua isiyoonekana ambayo huikata minyororo hiyo hadi plastiki ikapauka na kumeguka. Bomba la PVC, plastiki nyingine ambayo zaidi ya nusu ya uzito wa malighafi yake ni klorini, huungwa kwa gundi, lakini halipindiki kufuata kona za mlima. Kipande chake huzama majini, cha polithini huelea. Tukirudi kwenye kiriba, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya sekta ya kilimo havikuguswa.