Soko la Diski Zilizogoma Kufunguka

Harusi za mjini siku hizi hurekodiwa kwa kamera mbili au tatu. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa. Kamera tatu zikifanya kazi saa sita, tangu bibi harusi akiwa saluni hadi keki inapokatwa ukumbini, mwenye studio anarudi na gigabaiti 810. Laptopu yake haibebi mzigo huo. Anauhamishia kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya wa USB, halafu anafuta kadi za kamera kwa sababu kesho yake zina kazi nyingine. Kuanzia hapo malipo ya harusi nzima, pamoja na jina la studio, vimo ndani ya kifaa kinachoenea mfukoni.

Siku kompyuta inapokataa kuifungua diski hiyo na kudai ifomatiwe kwanza, anatafuta fundi. Kariakoo atampata karibu na maduka ya simu na kompyuta ya Aggrey na Msimbazi. Akiwa Nairobi atashuka Luthuli Avenue. Huko atawakuta wauza muvi wanaowajazia watu flashi, mwanafunzi mwenye tasnifu, mhasibu wa duka la jumla. Ofisi ndogo ndogo mara nyingi hazina seva, na kupandisha mamia ya gigabaiti mtandaoni kwa bando la simu ni gharama isiyobebeka. Diski ya nje ndiyo hifadhi yao ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho.

Kasoro kubwa ya biashara hii, kwa maoni yangu, iko kwenye bei. Kufomati ni kazi ya dakika chache na hulipwa hela ya soda. Kuokoa data ni kazi ya saa nyingi, pengine siku, inahitaji diski nyingine ya ukubwa uleule au zaidi, na mara nyingi mteja hulipa ikifanikiwa tu. Kazi zote mbili ziko meza moja, mikononi mwa fundi mmoja, na ile rahisi ndiyo inayoiua ile ya ghali. Mteja mwenyewe anaiomba: "Fundi, we ifomati tu ifunguke." Fundi anayelipwa diski ikifunguka hana cha kumsukuma aulize humo ndani mna nini, na kama kuna nakala kwingine. Swali hilo ndilo linalostahili kuwa na bei.

Mwanzoni mwa diski kuna jedwali la patisheni, linaloonyesha kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi. Ndani ya patisheni kuna mfumo wa faili, ambao ni kama daftari la stoo: jina la faili, ukubwa wake na mahali ilipowekwa. Diski nyingi zinazoletwa kwa kuwa "hazisomi" zimeharibika daftari tu. Waya ulichomolewa kompyuta ikiwa bado inaandika, umeme ulikatika, au televisheni ilimwuliza mtu kama iiandae diski kwa kurekodi vipindi naye akabonyeza ndiyo. Wenye studio wanaotumia Mac na Windows kwa pamoja hupenda exFAT, kwa sababu Mac husoma NTFS bila kuweza kuiandikia. Lakini exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS, na waya ukichomolewa ovyo huumia haraka.

Fomati ya haraka huandika daftari jipya tupu na kuuacha mzigo palepale. Kwa diski ya sahani zinazozunguka, bado kuna matumaini makubwa. Fomati kamili ni habari nyingine: tangu Windows Vista inaandika sifuri diski nzima, na hakuna programu ya kuzirudisha faili hizo. Kwenye SSD hata ile ya haraka ni hatari, maana kompyuta inaweza kuiarifu diski kwamba nafasi yote imeachwa wazi, nayo ikajisafisha yenyewe. Chaguo moja dogo kwenye dirisha la kufomati, lenye tiki au lisilo na tiki, ndilo linaloamua kama mteja atapata kazi yake.

Kuna kosa jingine ambalo natamani kila fundi alijue, kwa kuwa linaangamiza diski zisizo na ugonjwa wowote. Jedwali la zamani la MBR, lililokuja na DOS 2.0 mwaka 1983, huhesabu sekta kwa namba ya biti 32. Sekta zikiwa za baiti 512, hesabu inagota kwenye terabaiti 2 na kidogo. Diski za nje zilipovuka ukubwa huo, huku Windows XP ikiwa bado imeenea, baadhi ya watengenezaji walilikwepa tatizo kupitia kava la diski. Saketi ndogo ya USB iliyomo humo huiambia kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4,096, na hesabu ileile ikatosha kufika terabaiti 16 na zaidi. Miaka inapita, soketi ya USB inalegea. Fundi anafungua kava, anatoa diski, anaiunganisha moja kwa moja kwa waya wa SATA. Sasa kompyuta inahesabu kwa baiti 512, na kila anwani iliyoandikwa kwenye jedwali inaangukia pasipo pake. Windows haioni faili hata moja. Data yote ipo. Tiba ni kuirudisha diski kwenye kava la aina ileile. Anayefomati hapo ameua diski nzima kwa kukosa kava.

Ukomo huohuo wa MBR ndio unaofanya diski ya terabaiti 4 ionyeshe nusu tu mpaka iandaliwe upya kwa jedwali jipya zaidi la GPT, na mteja aape kwamba ameuziwa feki. Wengine hulalamika kwamba terabaiti 1 inaonekana gigabaiti 931. Hao hawakuibiwa, kiwanda kinahesabu kwa maelfu na Windows kwa 1,024. Feki halisi ni zile SSD za "terabaiti 16" kwa bei ya kutupa. Ukizifungua unakuta kadi ndogo ya memori imechomekwa kwenye saketi iliyopangwa kudanganya ukubwa, na zikijaa zinaandika juu ya faili za mwanzo. Programu za bure kama h2testw na F3 huzifichua kwa kuzijaza na kuzisoma tena.

Kazi nzuri ya uokoaji huanza na nakala. Programu huria ya ddrescue husoma kwanza maeneo mazima, huyaruka mabovu na kuyarudia baadaye, na huandika pembeni imefika wapi ili umeme ukikatika isianze upya. Kisha fundi anaigeukia nakala kwa TestDisk, iliyotungwa na Christophe Grenier wa Ufaransa, nayo pia haiuzwi. Kioo ni cheusi, maandishi matupu. Anachagua diski na aina ya jedwali, anaiamuru itafute, na patisheni zilizopotea zinajipanga kwa mistari ya kijani. Fundi aliyeiva haandiki chochote hapo. Anabonyeza herufi P, na folda zinajitokeza moja baada ya nyingine: jina la bwana harusi, tarehe, kamera ya pili. Mteja akiyaona hayo kwa macho yake, ndipo mazungumzo ya bei yanapokuwa ya haki kwa wote wawili. Daftari likiwa limefutika kabisa inabaki PhotoRec ya mtunzi huyohuyo, inayotambua faili kwa alama za mwanzo wake. Majina hayarudi, na video ndefu iliyotawanyika vipande vipande huenda isicheze.

Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kunakili terabaiti 2 huchukua zaidi ya saa tano na nusu. Diski yenye sekta mbovu inaweza kukaa siku kadhaa, na muda wote huo kompyuta ya fundi imeshikwa. Ndiyo maana mtindo wa "isipopona hulipi" unaiumiza sekta hii. Unamfanya fundi achague kazi nyepesi na kuzikimbia zile ngumu zinazotaka subira. Mafundi wangenufaika kutenganisha ada tatu: ya uchunguzi, ndogo na isiyorudishwa; ya nakala, kwa kila terabaiti; na ya uokoaji wenyewe.

Diski inayogonga ndani ni kazi ya watu wengine. Vichwa vya kusomea huelea nanomita chache juu ya sahani, na vumbi la dukani linatosha kuzikwaruza. Hata kubadilisha saketi ya chini peke yake hakutoshi, kwa sababu chipu iliyomo huwa na vipimo vya diski ileile na lazima ihamishwe. Baadhi ya diski ndogo za Western Digital zina soketi ya USB kwenye saketi yenyewe, na data imefungwa kwa usimbaji. Kuzihamishia kava jingine hakusaidii. Vifaa vya kazi hii, kama PC-3000 ya ACE Lab, viko mbali na mtaji wa meza ya Kariakoo. Nairobi kuna kampuni zinazoitangaza huduma hiyo, na fundi anayempeleka mteja huko kwa kamisheni, kabla hajafungua hata skrubu moja, amefanya biashara safi.

Juu ya yote kuna uaminifu. Mwaka 2008 Hong Kong ilitikiswa na picha za faragha za wasanii zilizovuja baada ya kompyuta kupelekwa kwa fundi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika 2023. Karatasi moja ingetosha mezani: nani ameleta, namba ya diski, imekutwa na hali gani, na nakala itafutwa lini.

Bei za diski zenyewe hazipangwi huku. Watengenezaji wakubwa wa diski za sahani wamebaki watatu duniani, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba. Mafuriko ya Thailand ya 2011 yalionyesha jinsi viwanda vya nchi moja vinavyoweza kupandisha bei kila mahali, na leo vituo vikubwa vya data ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya uwezo unaozalishwa. Diski mpya ikipanda, iliyotumika inapata soko. Mwanzoni mwa 2025 wanunuzi wa Ujerumani waligundua diski za Seagate walizouziwa na wafanyabiashara kama mpya kumbe zilishafanya kazi maelfu ya saa, huku kihesabu chake cha kawaida kikiwa kimerudishwa nyuma. Fundi mwenye CrystalDiskInfo au smartmontools husoma saa za kazi na sekta zilizohamishwa kwa dakika moja, na smartmontools huweza pia kusoma kumbukumbu ya pili ya Seagate iliyowaumbua wauzaji wale. Kwa mwenye studio anayenunua diski kila msimu wa harusi, kipimo hicho kabla hajatoa pesa dukani ni huduma ya kulipia, na kwa fundi ni kipato kisichomshikia kompyuta usiku kucha.