Uyoga si mchicha: Faida ya mkulima wa Dar imo kwenye mbegu na usafi

WAKAZI wengi wa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta wilayani Kinondoni hadi Chamazi na Mbagala wilayani Temeke, wana viwanja vidogo na wanatafuta mradi wa kuongeza kipato. Kilimo cha uyoga kinawafaa, kwani chumba kimoja chenye kivuli kinatosha. Lakini mtu anayeutunza uyoga kama anavyotunza mchicha anaweza kupoteza mtaji wake katika wiki tatu za mwanzo.

Uyoga si mmea. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani, Robert Whittaker, aliuweka uyoga pamoja na ukungu na hamira katika kundi lao wenyewe, mbali na mimea na wanyama. Uyoga hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Unaishi kama nyuzi nyembamba nyeupe zinazomeng'enya majani makavu, maranda na masalia mengine. Kile tunachovuna ni kama tunda tu la nyuzi hizo.

Kwa mkulima, maana yake ni hii: chakula unachouandalia uyoga wako ndicho hicho hicho kinachotafutwa na ukungu wa kijani. Atakayewahi ndiye atakayekula. Kazi yote ya kuchemsha, kufunga mifuko na kunawa mikono ni ya kuhakikisha uyoga unawahi.

Malighafi tunazo

Watafiti wetu wamekwisha kuonyesha kwamba malighafi si tatizo. Mwaka 2004, Magingo, Kivaisi na wenzao walichapisha katika jarida la Mycologia utafiti wa kuotesha uyoga wa asili wa Tanzania, Oudemansiella tanzanica, kwenye maranda, mabaki ya mkonge na majani makavu ya mpunga. Kwa wakulima wadogo, aina rahisi zaidi ni uyoga mamama, ambao unastahimili joto la Pwani. Ule mweupe wa mviringo unaouzwa kwenye makopo unahitaji baridi, hivyo haufai Dar bila mashine za kupooza hewa.

Maranda yanapatikana kwa mafundi seremala, wakiwamo wale wa Keko. Epuka maranda ya mbao zilizotiwa dawa. Loweka malighafi, kisha ichemshe kwenye pipa kwa saa mbili hivi, iache ipoe kabisa ndipo uweke mbegu. Ukiweka ikiwa bado ya moto, mbegu itakufa.

Hesabu ya mifuko iliyooza

Tuchukue mfano. Mkulima ana mifuko 100, kila mmoja una kilo moja ya malighafi kavu, na ametumia Sh100,000 kwa jumla. Kila mfuko ukitoa nusu kilo, atavuna kilo 50, na kila kilo itakuwa imemgharimu Sh2,000. Mifuko 30 ikishikwa na ukungu, atavuna kilo 35, lakini gharama ni ile ile. Kilo moja sasa imemgharimu zaidi ya Sh2,850. Kama alipanga kuuza kwa Sh2,800, faida yote imekwisha na hasara imeanza, ingawa chumba bado kinaonekana kimejaa mazao.

Ndiyo maana mbegu ya bei nafuu inaweza kuwa ghali. Mbegu ya uyoga ni nyuzi hai zilizooteshwa maabara juu ya nafaka kama mtama. Chupa nzuri ina weupe uliotanda kote. Ukiona kijani, weusi au maji, au ukisikia harufu ya uchachu, usinunue. Uliza ilitengenezwa lini, na usiiache juani ukiwa njiani kurudi nyumbani. Usichukue nyuzi kutoka mfuko wa zamani ukazifanya mbegu. Utakuwa unahamisha na magonjwa yake.

Chumba nacho kina masharti. Wiki tatu hivi za kwanza mifuko ikae gizani. Weupe ukishatanda, toboa mifuko, ruhusu mwanga kidogo na hewa, na mwagia maji sakafuni na ukutani ili pawe na unyevu. Ukiona vikonyo virefu na vichwa vidogo, hewa haitoshi. Weka wavu wa chandarua madirishani kuzuia vijinzi, na funika pua wakati wa kuvuna, kwani vumbi la uyoga huwadhuru baadhi ya watu kifuani.

Uza kabla ya kuvuna

Sehemu tisa kati ya kumi za uyoga ni maji, hivyo huharibika haraka. Tafuta wateja, kama mama lishe, majirani, hoteli na maduka, mapema kabla mifuko haijaanza kuzaa. Uliobaki ukaushe. Lakini kumbuka kwamba kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo bei ya kilo kavu lazima izidi mara 10 ya ile mbichi ndipo kazi ya kukausha ilipe.

Anza na mifuko 20. Andika tarehe ya kila mfuko, mbegu ilikotoka, mifuko iliyooza na kilo ulizovuna. Wanaooza wakiwa chini ya wawili kati ya 20 kwa awamu mbili mfululizo, ongeza. Wakizidi hapo, rekebisha usafi na mbegu kwanza, kisha ndipo ufikirie kukopa.