TEMBO LIKITIWA MAJI, ULIMI UTAJUAJE?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa kuwaonya watu wasilewe sifa, na kwa sababu hiyo wengi wetu tumesahau kwamba ndani yake mna swali la kisayansi. Huyo mnywaji alijuaje kwamba tembo limetiwa maji? Je, aliweza kulithibitisha hilo mbele ya wazee, au alidhania tu?

Katika pwani ya Lindi na Kilwa, ambako kugema mnazi ni kazi ya tangu zamani, swali hili si la mzaha. Mnunuzi hutoa fedha yake. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akiuweka mwili wake katika hatari, na heshima yake ndiyo mtaji wake. Tena, maji yanayoongezwa yakiwa ya kisima kichafu, jambo hilo huacha kuwa udanganyifu wa biashara tu, likawa hatari kwa afya. Katika makala haya tutaeleza jinsi ulimi na pua vinavyoweza kutumiwa kama vyombo vya kupimia, utaratibu unaotakiwa ili vipimo hivyo viaminike, na mahali ambapo uwezo wake hukoma.

KINACHOTOKEA NDANI YA BUYU

Mgema hulifunga karara la mnazi ambalo bado halijafunguka, akalikata ncha kwa kotama, na kulikinga utomvu unaodondoka. Utomvu huo una sukari kiasi cha asilimia 10 hadi 15, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni ya aina ile ile ipatikanayo katika miwa. Lakini haukai safi hata kidogo. Hamira za porini, pamoja na bakteria waitwao Zymomonas mobilis, huingia kutoka hewani, katika ua lenyewe na katika buyu lililotumika jana, na mara huanza kuigeuza sukari kuwa alkoholi na hewa ya ukaa. Povu tunaloliona ni hewa hiyo ikitoka. Weupe unaofanana na maziwa hutokana na wingi wa viumbe hao wadogo wanaoelea ndani yake.

Katika muda wa siku moja au pungufu, alkoholi huweza kufikia asilimia 4 au 5. Wakati huo huo bakteria wengine hutengeneza asidi. Utomvu uliotoka mtini ukiwa na pH karibu na 7 hushuka hadi 4 au chini zaidi, na ukiachwa siku kadhaa huwa siki. Kwa hiyo tembo tamu la asubuhi na tembo kali la jioni ni kinywaji kimoja katika umri tofauti.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Msomaji anaweza kusema kwamba ingetosha kutumbukiza haidromita, yaani kile chombo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminiko. Lakini sukari ikigeuka alkoholi, tembo huwa jepesi. Na tembo likitiwa maji, huwa jepesi vilevile. Chombo hicho peke yake hakiwezi kumtenga mgema mwaminifu aliyechelewa sokoni na mgema mdanganyifu aliyewahi. Ulimi uliofundishwa waweza kuwatenga, kwa sababu ulimi hupima mambo mengi kwa mara moja.

ULIMI NA PUA

Ulimi hutambua ladha tano za msingi: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama au samaki ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908. Vitabu vingi vya shule vilichora ramani ya ulimi yenye utamu kwenye ncha na uchungu nyuma. Ramani hiyo si sahihi. Ilitokana na kufasiriwa vibaya kwa utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901. Kila sehemu ya ulimi yenye seli za kuonjea huweza kutambua ladha zote.

Ukakasi, kwa upande wake, si ladha bali ni mguso. Atafunaye bibo bichi wakati wa msimu wa korosho huujua vyema. Kemikali ziitwazo tanini hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na kinywa kikahisi kukauka na kukwaruzwa. Kiswahili kimetutendea hisani kubwa kwa kututengea maneno mawili, uchungu na ukakasi. Mwonjaji asiyevitofautisha vitu hivi hawezi kuamua sawasawa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale tuyaitayo ladha hutoka puani. Linda Buck na Richard Axel, ambao mwaka 1991 waligundua jamii ya jeni za vipokezi vya harufu na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walitufungulia njia ya kuelewa kwamba binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Mvuke wa kinywaji hupanda kutoka kooni hadi puani, na ubongo huchanganya habari hizo na za ulimi. Ziba pua, weka kipande cha embe mdomoni, nawe utabaki na utamu na uchachu tu. Uembe wenyewe utakuwa umetoweka.

MFANO WA BIA NYEUSI YA KIJERUMANI

Kwa kuwa tembo halina kanuni za uamuzi zilizoandikwa, yafaa tuangalie kinywaji chenye kanuni hizo. Wajerumani, walioitawala pwani hii hadi Vita Kuu ya Kwanza, wanayo bia nyeusi ya aina ya laga, inayojulikana sana katika jimbo la Thuringia. Laga ni bia iliyochachushwa kwa hamira ipendayo baridi, kisha ikatulizwa kwa majuma kadhaa katika ubaridi mkali zaidi. Nyingi ya bia za chupa zinywewazo Tanzania ni za ukoo huo. Weusi wa bia hii hutoka katika kimea cha shayiri kilichokaangwa, kwa njia ile ile inayoupa mkate uliookwa rangi yake ya kahawia. Uchungu wake hutoka katika maua ya mmea utambaao uitwao hopsi, ambao asidi zake hubadilika na kuwa chungu zinapochemshwa. Siku hizi baadhi ya watengenezaji wa viwanda vidogo huizidishia bia hiyo hopsi.

Uchungu hupimwa kwa vizio, ambapo kizio kimoja ni takriban miligramu moja ya asidi hizo katika lita. Bia nyeusi ya kawaida huwa na vizio 20 hadi 35. Lakini maabara haiwezi kuamua kama uchungu huo umelingana na utamu wa kimea. Hilo ni la mwonjaji. Katika kanuni zinazotumiwa sana na waamuzi wa bia, jumla ya alama ni 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Tazama jinsi sura, ambayo hutuvutia kwanza, ilivyopewa alama chache kuliko zote.

Mwamuzi huiinua glasi kwenye mwanga aone kama bia, ijapokuwa nyeusi, ni angavu. Hunusa kabla povu halijaisha, akitafuta harufu ya mkate, ya kahawa kwa mbali, na ya majani au maua ya hopsi. Akionja, hutenga uchungu wa hopsi na uchungu wa kuungua, na hutazama kama maganda ya kimea yameacha ukakasi. Kisha hutafuta kasoro, na kila kasoro ina chanzo chake. Harufu ya siagi huonyesha kwamba mara nyingi bia haikupewa muda wa kutulia. Harufu ya karatasi iliyolowa huonyesha uzee na joto. Harufu kama ya kicheche hutokea mwanga wa jua unapozipiga kemikali za hopsi kupitia chupa nyeupe au ya kijani. Hivyo mwonjaji hasemi tu kwamba bia ni mbaya. Humwambia mtengenezaji ni wapi alipokosea.

KUTOKA BIA HADI TEMBO

Tusichukue kanuni za wageni kama zilivyo. Ukungu katika bia hiyo ni kasoro. Katika tembo ni dalili ya uhai. Uchachu katika bia hiyo ni aibu. Katika tembo ni sehemu ya sifa. Tunachopaswa kuazima ni utaratibu wa kutenga hisia moja na nyingine, na kuuliza kila moja imetoka wapi.

Kwa utaratibu huo, swali la maji hupata jibu. Tembo linapozeeka, utamu hupungua, lakini uchachu na mchomo wa alkoholi huongezeka. Tembo linapotiwa maji, vyote hupungua pamoja: utamu, uchachu, harufu na uzito mdomoni. Mambo yakipungua upande mmoja na kuzidi upande wa pili, huo ni umri. Yakipungua yote kwa pamoja, ni haki kushuku maji. Mdanganyifu akiongeza sukari ili kujificha, utamu utarudi lakini harufu haitarudi nao.

JARIBIO LA VIKOMBE VITATU

Kushuku si kuthibitisha. Macho na matarajio hutupotosha kuliko tunavyodhani. Katika jaribio lililochapishwa Ufaransa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Basi anayelionja tembo akiwa ameshaambiwa kwamba mgema fulani ni mdanganyifu, aghalabu atayaonja maji hata yasipokuwapo.

Dawa ya upotofu huo ni jaribio la pembetatu, lililoanza kutumiwa katika kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark, katika miaka ya 1940. Laweza kufanywa kijijini bila gharama. Mwonjaji hupewa vikombe vitatu visivyoonyesha rangi ya kilichomo, viwili vikiwa na kinywaji kile kile na kimoja tofauti. Vikombe huandikwa namba tu, mpangilio wake hubadilishwa kwa kila mtu, na anayevigawa asijue kilichomo. Mwonjaji hutakiwa kukitaja kilicho tofauti, hata kama ni kwa kubahatisha.

Watu 12 wakibahatisha, tunatarajia 4 wapate. Wakipata 7, bado hatuna haki ya kusema lolote kwa uhakika. Wakipata 8 au zaidi, nafasi ya kupata matokeo hayo kwa kubahatisha tu ni chini ya 2 kwa 100, na tunaweza kukubali kwamba tofauti ipo kweli. Lakini jaribio huthibitisha tofauti tu, halithibitishi sababu. Minazi haifanani, wala saa za kugema hazifanani. Kwa hiyo tembo linaloshukiwa lilinganishwe na utomvu wa minazi ile ile ya mgema huyo huyo, uliokingwa saa ile ile mbele ya mashahidi. Bila hivyo tutakuwa tumemvunjia mtu heshima kwa sababu ya mvua au ya mti uliochoka.

Kuonja si kunywa. Funda chache zatosha, na mwonjaji aweza kutema, kwani ulimi wote hutambua uchungu. Alkoholi hupunguza makini ya hisia, hivyo mlevi ni chombo kilichoharibika. Na wale ambao dini au afya haiwaruhusu kugusa kilevi wanaweza kuutumia utaratibu huu kwa siki, madafu, asali au kahawa. Waonjaji wa chai wa soko la mnada la Mombasa huvuta chai kwa kishindo, huitema, kisha huamua bei.

MAMBO AMBAYO ULIMI HAUYAJUI

Yako mambo mawili ambayo ulimi, hata wa bingwa, hauwezi kuyapima. La kwanza ni vijidudu. Maji yenye vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo yaweza kuwa matamu na baridi kama ya chemchemi, na alkoholi ya asilimia 4 au 5 haitoshi kuyafanya salama. Jaribio la vikombe vitatu laweza kugundua kwamba tembo lina tofauti. Haliwezi kusema kwamba ni salama. Kwa sababu hiyo tembo lenye mashaka lisitumike katika jaribio, wala maji yasiyochemshwa yasitumike kufundishia waonjaji.

La pili ni methanoli. Sumu hii haitegemewi katika tembo la kawaida, bali katika pombe zinazopatikana kwa kuchemsha na kukinga mvuke, hasa zilizochanganywa na spiriti za viwandani. Harufu na ladha yake hukaribiana mno na za alkoholi ya kawaida, na madhara yake ni upofu na kifo. Anayedai kwamba ameionja gongo na kuiona salama amesema jambo ambalo ulimi wa binadamu hauna uwezo wa kulisema.

Kwa hiyo tuufundishe ulimi na tuuheshimu, lakini tuujue mpaka wake. Usafi wa buyu, maji yaliyochemshwa na vipimo vya maabara vina kazi yake, na kuonja kuna kazi yake. Mgema mwaminifu wa Kilwa au Lindi hana sababu ya kuliogopa jaribio la vikombe vitatu, maana ndilo litakalomtetea siku atakaposingiziwa. Na mnunuzi anayetaka kumsifu mgema wake, na amsifu. Ila aonje kwanza, na aonje kwa utaratibu.