Mashine haijui kusi: akili unde kwa holseli za Ukunda, Diani na Msambweni

Mwenye duka la jumla Ukunda ana maswali mawili yanayomkosesha usingizi: niagize mzigo kiasi gani, na nimkopeshe nani. Ukiagiza sukari nyingi, pesa yako inalala stoo. Ukiagiza kidogo, mteja wako wa Msambweni anakwenda kununua Mombasa, na akishazoea huko kumrudisha ni kazi. Siku hizi kuna programu za akili unde, ile AI inayozungumziwa kila mahali, zinazodai kujibu maswali yote mawili. Zinasaidia, lakini si kwa kila kitu.

Tuanze na deni, maana hapo Kenya ina mfano wake. Mwaka 2018 kampuni ya Twiga Foods, inayosambaza vyakula kwa vibanda na maduka madogo, ilishirikiana na watafiti wa IBM. Walichukua rekodi za manunuzi ambayo wenye vibanda walifanya kupitia simu, wakaiachia kompyuta ipime nani anaweza kukopa na kulipa. Mtu ambaye benki haimjui akawa na kitu cha kuonyesha. Majaribio yalichukua wiki 8, yakahusu vibanda 220, na mkopo wa wastani ulikuwa kama dola 30 za Marekani, wa kulipwa ndani ya siku 4 au 8. Walitangaza kwamba oda zilikua kwa asilimia 30 na faida ya muuzaji ikapanda kwa asilimia 6, kwa wastani. Hizo namba mbili ziangalie vizuri. Oda kubwa haimaanishi faida inakua kwa kasi ile ile, kwa hivyo anayekuuzia programu akikutajia ya kwanza, muulize ya pili.

Sasa wewe una nini mkononi? Kama wateja wanakulipa kwa namba ya Till au Paybill, malighafi unayo tayari: taarifa ya malipo yenye tarehe, saa na kiasi. Shida ni kwamba taarifa hiyo inajua pesa, bidhaa haizijui. Shilingi 6,400 za Jumanne zilikuwa za unga ama za mafuta? Na ule mzigo uliotoka kwa deni hauonekani kabisa mpaka siku utakapolipwa. Ndiyo maana lile daftari la madeni lazima nalo liingizwe, hata kama mwandiko wa kijana wa kaunta unasomeka na yeye tu. Kama unatoa ankara za eTIMS za KRA, umejipunguzia kazi, kwa sababu kila ankara inaorodhesha kilichouzwa.

Kwenye stoki, programu hizi huangalia mauzo ya nyuma na kukisia ya mbele. Hapo ndipo pwani yetu ya kusini inapozichanganya.

Chukua Ramadhani. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2024 ilianza karibu katikati ya Machi, 2025 ikaanza mwanzoni mwa Machi, na 2026 ikaingia Februari. Programu inayolinganisha Machi na Machi itakujazia tende na tambi wakati mfungo unakaribia kwisha. Kabla hujalipia, uliza kama inakubali kalenda ya Kiislamu. Kama muuzaji wake hajui, basi umepata jibu.

Halafu kuna bahari. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mashua ndogo za Shimoni, Gazi na Vanga hazitoki kila siku, na duka linalouzia wavuvi linachelewa kulipa. Mashine itaona mteja ameharibika, itakwambia umfungie. Wewe unajua ni kusi tu, bahari ikitulia atalipa kama alivyolipa mwaka jana. Diani nako, wakati wa mvua za Aprili na Mei wageni hupungua, na maji ya chupa na soda hutoka polepole.

Lakini jambo kubwa zaidi ni mgodi. Base Titanium ilianza kuzalisha madini Kwale mwishoni mwa 2013, na ikasimamisha uchimbaji Desemba 2024. Mishahara iliyokuwa ikizunguka kwenye maduka ya huko ikakatika. Programu iliyofunzwa kwa mauzo ya 2022 hadi 2024 bado inaamini wafanyakazi wale wapo na watanunua mchele mwisho wa mwezi. Hakuna safu ya namba itakayoiambia. Ni wewe uiambie, au uondoe kabisa mauzo ya maduka hayo kabla ya kuanza.

Njia rahisi ya kujaribu ni hii. Chagua bidhaa 3 zinazotoka haraka, tuseme unga, sukari na mafuta ya kupikia. Kila Jumamosi andika kisio lako la wiki ijayo, kando yake andika la programu. Fanya hivyo wiki 8, kisha hesabu nani alikaribia zaidi. Kama bado unamshinda, usilipe hata shilingi.

Na kabla ya kupakia lile daftari popote, kumbuka majina na namba za simu za wateja si zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwenye duka moja. Mpe kila mteja namba ya siri, tuseme M1, M2, M3, na karatasi ya majina ibaki droo. Taarifa ya malipo ipakue mwenyewe kwenye simu yako. Hakuna programu ya stoki inayohitaji PIN yako. Ikiomba, ifute hapo hapo.